Vinyago, kamba, kidonge na mshale: kesi nne za makasri ya China, uanze na ipi?

Dogo mmoja anayeandika simulizi za upelelezi alinijia na ombi lililonifurahisha. "Kaka, nataka kisa cha kasri la China. Kiwe na vifo vyenye utata, kiwe na dini ya siri ndani yake, ila kiwe kilitokea kweli. Nichukue kipi?" Alikuwa ameshaangalia filamu kadhaa za Jaji Di Renjie, akadhani humo ndimo mwa kuanzia.

Nikamkatalia. Di Renjie alikuwepo kweli. Aliishi kuanzia 630 hadi 700, akamtumikia Wu Zetian, mwanamke pekee aliyekikalia kiti cha makaisari wa China kwa jina lake mwenyewe. Vitabu vya kale vinasema kwamba alipokuwa ofisa wa mahakama kuu alimaliza kesi za watu 17,000 ndani ya mwaka mmoja, na hakuna aliyelalamika. Mwaka 688 alivunja mahekalu 1,700 ya mizimu huko kusini mwa mto Yangtze. Hakimu hodari, hilo halina ubishi. Lakini zile maiti za kasri zinazowaka moto zenyewe ni kazi ya watunzi.

Za kweli zipo, na nne kati yake zinatosha kumchanganya mtu. Ya vinyago ilitokea Chang'an, mji mkuu wa wakati huo, mwaka 91 KK, chini ya Kaisari Wu wa nasaba ya Han. Ya kamba ni Beijing, 1542, kwa Kaisari Jiajing wa Ming. Ya kidonge chekundu ni Beijing tena, 1620, naye Kaisari Taichang alikuwa amekaa kwenye kiti kama mwezi mmoja tu. Ya mshale ni 1813, enzi ya Jiaqing wa Qing. Wengi huchagua kwa kuangalia ipi imemwaga damu nyingi. Mimi huuliza kitu kingine: aliyepeleleza alikuwa nani, na jalada aliliandika nani? Jibu la hapo ndilo litakaloamua kama una kesi ya kuchunguza au una msiba wa kusimulia tu.

Pale mpelelezi anapokuwa mshukiwa

Kesi ya vinyago ilianza na wizi wa fedha, uchawi ukaja baadaye. Gongsun Jingsheng, mtoto wa waziri mkuu, alikula fedha za jeshi la kaskazini, sarafu milioni 19. Baba yake, Gongsun He, akaomba apewe kazi ya kumkamata mhalifu sugu aitwaye Zhu Anshi, ili akimleta mwanawe asamehewe. Akamleta. Zhu Anshi akiwa gerezani akaandika mashtaka yake: mtoto wa waziri anatembea na binti wa Kaisari, na tena amefukia vinyago kwenye barabara ya kwenda kasri la Ganquan ili kumloga mfalme. Waziri na mwanawe wakafia gerezani, ukoo ukafyekwa, na mabinti wawili wa Kaisari nao wakauawa.

Kaisari alikuwa mzee wa miaka zaidi ya 60, mgonjwa, na kila kikohozi alikiona kuwa ni cha kurogwa. Hapo akaingia Jiang Chong, akapewa mamlaka ya kusaka wachawi. Alitembea na waganga wa kigeni walioonyesha pa kuchimba. Kinyago kikipatikana, mwenye nyumba anakamatwa na kuchomwa kwa vyuma vya moto mpaka akiri, na akikiri lazima amtaje mwingine. Waliokufa ni makumi ya maelfu. Aliyewahi kusikia habari za Kamchape, wasaka wachawi wa kule Kigoma na Rukwa, hahitaji kuelezwa mtindo huu unavyokwenda: anayefukua ndiye anayejua kilipo.

Halafu uchimbaji ukaingia ndani ya kasri lenyewe. Kuna sentensi moja katika kumbukumbu za Kichina ambayo kwangu inazidi maelezo yote ya vita vilivyofuata: kwenye makazi ya mrithi wa kiti na ya mama yake, Wei Zifu, mke mkuu wa Kaisari, ardhi ilichimbwa mpaka pakakosekana pa kuweka kitanda. Fikiria sakafu ya chumba cha mke wa Kaisari imegeuka shamba la viazi, vijakazi wanaruka mashimo wakiwa na taa mkononi, na Jiang Chong amesimama mlangoni anatangaza kuwa vinyago vingi kuliko kwingine kote vimepatikana kwa mrithi.

Mrithi, Liu Ju, alikuwa na ugomvi wa zamani na mtu huyo. Jiang Chong aliwahi kumshika mjumbe wake kwa kuendesha gari kwenye njia ya Kaisari, na mrithi alipomwomba anyamaze, akakataa na kwenda kuripoti. Alijua vizuri kwamba siku mzee akifa na kijana akitawala, shingo yake haina dhamana. Hiyo ndiyo nia, na imeandikwa wazi.

Lakini usikimbilie kusema vinyago vyote vilipandikizwa. Kumbukumbu zilezile zinasema kwamba waganga wa kike walikuwa wakiingia na kutoka kasrini kabla ya msako, wakiwafundisha masuria kufukia visanamu vya mbao vyumbani mwao na kuviabudu ili kuepusha mikosi. Yaani dini ya siri ilikuwepo, na vinyago vilikuwemo ardhini. Hapa ndipo kesi inapokuwa tamu kwa mtunzi, maana kinyago kilichofukuliwa hakisemi nani alikifukia, lini, wala kwa nia gani. Kinga na uchawi vinafanana vikishapakwa udongo.

Mengine yanakwenda kasi. Mrithi alishindwa kumfikia baba yake huko Ganquan, akamkamata Jiang Chong na kumuua, akagawa silaha. Mapigano ya siku tano ndani ya Chang'an. Ren An, kamanda wa jeshi la kaskazini, alipokea agizo la mrithi kisha akafunga lango asitoke, akidhani amejiokoa kwa pande zote mbili. Baadaye akakatwa kiunoni kwa sababu ya kusitasita huko. Wei Zifu akajiua. Mrithi akakimbilia wilaya ya Hu, akajificha kwa maskini aliyeishi kwa kusuka ndara, akajulikana alipo baada ya kumtumia ujumbe rafiki yake mwenye mali, naye akajinyonga. Baadaye Kaisari akabaini kwamba amedanganywa, akaufuta ukoo wa Jiang Chong na kujenga pale Hu kasri la kumkumbuka mwanawe.

Kamba, 1542: jalada lililofungwa kabla ya mgonjwa kuzinduka

Linganisha na Jiajing. Huyu alikuwa mfuasi wa Dao, dini ya jadi ya China, mpaka kwenye mifupa. Waganga kama Shao Yuanjie na Tao Zhongwen walipewa vyeo ambavyo wasomi walivisotea miaka, na miongoni mwa dawa za kutokufa zilizotengenezwa kwa ajili yake ilikuwemo "risasi nyekundu" (risasi ya madini, si ya bunduki), iliyotokana na damu ya hedhi ya wasichana wadogo. Usiku mmoja wa Novemba 1542, wajakazi 16 wakiongozwa na Yang Jinying walimvamia kitandani. Mmoja alikuwa amesuka kamba ya hariri, wengine wakamfunika uso kwa kitambaa, wakamkalia na kumchoma kwa pini za nywele. Kamba ikagoma kukaza. Fundo lilikuwa limefungwa vibaya, wakivuta halisogei.

Mmoja wao, Zhang Jinlian, akaogopa na kukimbia kumwita mke mkuu, Fang.

Sasa tazama mkono ulioshika kesi. Kaisari amezimia, hasemi. Anayetoa amri ni Fang, na usiku ule mumewe alikuwa amelala kwa suria Cao, kipenzi chake. Wajakazi wote 16 wakakatwakatwa mpaka kufa, Zhang Jinlian akiwemo, yule aliyemwokoa Kaisari. Na pamoja nao suria Cao na suria mwingine, Wang. Historia rasmi ya Ming yenyewe inasema kwamba baada ya muda Kaisari alikuja kujua Cao alionewa.

Tofauti na Chang'an ni hii. Kule mpelelezi alihitaji kesi irefuke, kila kukiri kuzae jina jipya. Hapa ilihitajika ifungwe asubuhi. Matokeo ni kwamba sababu ya wasichana wale ilizikwa pamoja nao. Siku hizi utasoma kila mahali kwamba waliasi kwa ajili ya dawa ya hedhi. Inawezekana kabisa. Ila makundi makubwa ya mabinti walioingizwa kasrini, ambayo mwandishi Shen Defu aliyataja, likiwemo la 300 wa miaka 8 hadi 14, ni ya mwaka 1552 na kuendelea, miaka kumi baada ya kamba. Ukiandika simulizi na ukawapeleka mabinti hao 300 kwenye usiku wa 1542, msomaji makini atakukamata.

Kuna mtu mmoja katika kesi hii ambaye siwezi kumpita: tabibu Xu Shen. Ndiye aliyeitwa asubuhi, akachanganya dawa kali ya kusukuma damu, akamnywesha Kaisari na kusubiri. Saa zikapita. Alasiri Kaisari akatoa sauti, akatapika damu iliyoganda, akaanza kusema. Xu Shen akapandishwa cheo, na muda si mrefu akaugua. Aliwaambia watu wake kwamba hatapona, kwa kuwa siku ile alijua dawa ikishindwa anauawa, na hofu aliyoipata haina tiba. Akafa. Mimi ningemfanya yeye msimuliaji, lakini hayo ni ya kwangu.

Wakati wa kuwakatakata, ukungu mzito uliufunika mji siku tatu nne, na watu wa Beijing wakasema kuna waliouawa bila hatia.

Kidonge, 1620: kila mtu ana maelezo, maiti haikuulizwa

Kama unachotaka ni fumbo la kifo kwa maana halisi, la nani kafanya na kwa dawa gani, hakuna inayoikaribia hii. Taichang alipanda kitini Agosti 28, 1620, akiwa na miaka 38. Akaugua ndani ya siku chache. Towashi Cui Wensheng, aliyewahi kutumika kwa suria Zheng, adui wa zamani wa Kaisari huyu, akampa dawa ya kuharisha. Alikwenda chooni mara thelathini hadi arobaini kwa usiku na mchana mmoja. Septemba 25 akaja Li Keshao, ofisa wa itifaki na wala si tabibu, akisema ana kidonge cha miungu. Mawaziri wakasita, Kaisari akataka. Akameza cha kwanza, mwili ukapata joto, akatamani chakula, akamsifu Li Keshao kuwa mtumishi mwaminifu. Jioni akameza cha pili. Alfajiri alikuwa maiti.

Weka pembeni mwa 1542 uone. Wengi wanakihusisha kidonge kile na dawa zilezile nyekundu za Jiajing. Jiajing, baba wa babu yake, alizitumia miongo mingi na akafika miaka 59. Huyu alimaliza usiku mmoja, na alikuwa ameshakaushwa na kuharisha. Sasa muuaji ni dawa ya kwanza, ya pili, au ugonjwa wenyewe? Na aliyempa ruhusa Li Keshao ni nani? Waziri Fang Congzhe aliandika tangazo la kumzawadia Li Keshao wakia 50 za fedha baada ya mgonjwa kufa, jambo ambalo mtu yeyote wa upelelezi angelipigia mstari.

China ilikuwa tayari na mwongozo wa uchunguzi wa maiti ulioandikwa na Song Ci mwaka 1247, wenye maelekezo ya kuosha mwili, kusoma michubuko, hata kupima sumu kwa sindano ya fedha (kipimo kisichoaminika, maana fedha huwa nyeusi hata kwa uozo wa kawaida). Ulikuwa wa maiti za raia. Katika mabishano yote ya 1620 hoja zilikuwa za nani alimruhusu nani kuingia chumbani.

Shida ya kesi hii ni wingi wa wasemaji. Ilikuja miaka mitano baada ya mtu mwenye rungu, Zhang Chai, kuvamia makazi ya Taichang akiwa bado mrithi. Matowashi wawili waliotajwa katika kesi ile walipigwa mpaka kufa kimyakimya ndani ya kasri, mashahidi wakapungua hivyo. Kambi za mawaziri zikagombania tafsiri kwa miaka. Mwaka 1626 kundi la towashi Wei Zhongxian likatoa kitabu kizima cha kuzipindua kesi hizi kwa faida yake, na mwaka 1628 Kaisari mpya, Chongzhen, akaamuru kitabu hicho kiharibiwe. Utahitaji daftari la majina. Na dini hapa ni kivuli tu: hakuna dhehebu, kuna kidonge na mtu mwenye kiherehere.

Mshale, 1813: dhehebu kamili, fumbo hafifu

Upande wa pili wa mizani ni huu. Ukitaka dhehebu la kweli, lenye viongozi, michango, sala na utabiri wa mwisho wa dunia, nenda 1813. Lin Qing, aliyewahi kujifunza kazi kwenye duka la dawa, aliongoza wafuasi wa dhehebu la Trigramu Nane kutoka kijiji cha Songjia, kusini mwa Beijing. Sala yao ilikuwa na herufi nane tu, ikimtaja mzazi wa milele asiyezaliwa na utupu wa kweli ambao ndio nyumbani. Ndani ya kasri walikuwa na matowashi waumini, wakiwemo Liu Decai na Liu Jin, wa kuwaonyesha njia.

Oktoba 8, mchana, wakiwa wameficha visu, walikaribia malango mawili. Kwenye lango la mashariki wakagombana na wabeba makaa waliokuwa njiani, nguo zikafunuka, visu vikaonekana, walinzi wakafunga. Mpango wa kumaliza nasaba nzima uliharibiwa na gunia la makaa. Wa lango la magharibi waliingia makumi kadhaa, wakapigana ndani; ndiyo asili ya mshale wa kesi hii, unaosemekana kunasa kwenye ubao wa lango la ndani siku ile. Mwana wa Kaisari, Mianning, akawapiga wawili kwa bunduki. Jiaqing mwenyewe alikuwa safarini. Lin Qing hakwenda vitani. Alikaa nyumbani akisubiri habari, akakamatwa siku mbili baadaye.

Aliyepeleleza ni dola nzima, Kaisari akahoji washtakiwa wakuu mwenyewe, na maelezo yao yamehifadhiwa kwa wingi kuliko ya kesi nyingine yoyote niliyoitaja. Mwanahistoria Mmarekani Susan Naquin alijenga utafiti wake wa 1976 juu ya maelezo hayo. Yalitoka vinywani mwa watu walioogopa mateso, ndiyo, lakini ni wengi, na yanapopishana yanaweza kulinganishwa. Kwa mtu anayetaka kujua mkulima au towashi alivyoshawishiwa kuingia dhehebuni, senti kwa senti, hii ndiyo hazina. Kwa anayetaka "nani kaua?", atachoka mapema: wauaji walikuwa na vitambaa vyeupe kichwani.

Basi achukue ipi?

Nilimwambia dogo aiache ya 1813 mpaka awe tayari kuandika riwaya ndefu, kwa sababu utamu wake uko vijijini kabla ya siku yenyewe. Ya 1620 inamfaa mwenye subira na majina, anayependa kesi ya mezani, ya karatasi dhidi ya karatasi. Ya 1542 ni fupi, ya usiku mmoja na asubuhi yake, inakaa vizuri kwenye simulizi ya sauti ya saa moja. Sharti akubali kwamba sababu ya wasichana itabaki wazi, na asiijaze kwa mabinti wa miaka kumi baadaye.

Kwa alichokiomba hasa, yaani vifo, dini ya siri na upelelezi ndani ya ukuta mmoja, nilimpa ya vinyago. Ina kasoro moja kubwa: Ban Gu, aliyeiandika kwa urefu, alizaliwa zaidi ya karne moja baada ya tukio, na katikati hapo alitawala mtu aliyekuwa na kila sababu ya kumwona mrithi kuwa hana hatia. Sababu hiyo nayo ni sehemu ya kesi. Familia ya mrithi ilipofyekwa, kitukuu wa Kaisari, mtoto mchanga, aliwekwa gerezani pamoja na watuhumiwa. Ofisa aliyetumwa kusimamia kesi za vinyago, Bing Ji, alimwona, akachagua wafungwa wanawake wamnyonyeshe, na siku ilipokuja amri ya kuua kila aliyemo gerezani akafunga lango na kumzuia mjumbe nje mpaka kukakucha.

Mwaka 74 KK mtoto huyo akawa Kaisari Xuan. Dogo aliposikia hapo akauliza, "Kumbe kulikuwa na mpelelezi mwingine?" Ndiyo, na yeye ndiye wa kuanza naye, usiku ule nyuma ya lango.